Mwalimu Asiyeitikia Salamu

Kompyuta ya kwanza kuigusa niliigusa kwa ukucha. Kidole kizima nilikiona ni kujitafutia balaa. Mwenye kafe ya intaneti alikuwa amebandika karatasi ukutani, "Ukiharibu utalipa", nami nilikuwa nimeshajihukumu kwamba nitaharibu. Si kwamba nilikuwa mgeni wa mashine. Nilikuwa mpiga chapa, tena mzuri, wa kumaliza barua nzima huku natazama dirishani. Lakini kwenye mashine ya chapa ukikosea unaliona kosa lako, wino uko pale kwenye karatasi, unaufuta, unaendelea na maisha. Hii nyingine ilikuwa imekaa kimya inanitazama, na sikujua ukimya wake una maana gani.

Shirika la umma lililoniajiri tangu nilipotoka chuo cha uhazili lilikuwa limeuzwa. Wakati ule kila kitu kilikuwa kinauzwa, na kila mtu alikuwa anauza. Wenye mali wapya wakaja na kompyuta zao, na sisi wa mashine za chapa tukaitwa ukumbini tukashukuriwa. Sijawahi kushukuriwa kiasi kile tena maishani mwangu. Nikaweka meza kwenye baraza la jengo moja karibu na Mnazi Mmoja, nikawa nawapigia watu barua za kuomba kazi na mikataba ya kupanga vyumba. Mwanzoni walipanga foleni. Halafu vijiduka vya kompyuta vikafunguliwa kila kona ya Kariakoo, barua inatoka safi haina hata doa la kufutwa, na waliobaki kuja mezani kwangu ni watu wa kuuliza njia. Ujuzi wangu ulikuwa mmoja tu, na nilikuwa naushuhudia ukifa huku nikiulizwa Mtaa wa Kongo uko wapi.

Mteja wangu mmoja wa zamani, mama wa ofisini, ndiye aliyeniambia kuna chuo huko ng'ambo kinafundisha kuandika programu za kompyuta kwa njia ya intaneti, na kimetenga nafasi chache za bure kwa wanawake wa nchi zetu. Nilimwambia sitaki. Baadaye nikamwambia nitafikiri. Baadaye tena nikanyamaza, na anayenifahamu anajua nikinyamaza nimekubali, kwa hiyo akaniombea nafasi. Nikaipata. Nilipoipata ndipo nilipoanza kuogopa sawasawa.

Sharti moja ndilo lililoninyima usingizi. Katika wiki za mwanzo kila mwanafunzi angeingia kwenye chumba cha mazungumzo, ambacho wala si chumba, ni mahali kwenye skrini ambapo watu wanaandikiana na kujibiana papo hapo. Humo ungemwonyesha mwalimu programu yako ya kwanza, wenzako wote wakitazama, na ungejibu maswali yake. Ukishindwa, unapewa nafasi ya pili wiki inayofuata. Ukishindwa tena, kiti chako anakalia mwingine. Nililisoma sharti hilo mara nyingi nikitafuta mahali wanaposema wanatania.

Nilikuwa naishi na dada yangu mkubwa. Sisi ni watu wa Lindi. Yeye alitangulia mjini, nami nikamfuata, tukapanga chumba na ukumbi kwenye nyumba ya Waswahili pale Kariakoo, uani tunachangia na wapangaji wengine. Dada alikuwa akienda Feri asubuhi kununua samaki, anawakaanga uani, jioni anawauza barazani. Biashara ilikuwa inaenda. Kila aliponiona nimerudi na uso wa hofu alikuwa ananiambia, "Mdogo wangu, acha hivyo vitu, njoo tukaange. Samaki hana neno la siri." Nilicheka kwa mdomo. Moyoni nilijua kwamba nikishindwa, siku zilizobaki za maisha yangu ni kusimama mbele ya karai lile, na mimi mafuta yanayoruka nayaogopa kuliko kompyuta.

Kafe niliyoichagua ilikuwa ghorofani. Wenyewe walikuwa Wahindu. Baba alikuwa na duka la vitambaa chini, na mwanawe akafungua kafe juu baada ya kodi za kuingiza kompyuta kupungua. Mama yake mwenye kafe alikuwa anakaa mlangoni na ungo wa dengu mapajani, anachambua huku anaangalia nani kaingia na nani katoka. Walikuwa watu wasiokula nyama wala samaki, na mimi nilikuwa nanuka samaki kuanzia kwenye nywele. Nilitenga gauni moja la kwenda kafe, nikalitundika chumbani kwa jirani ili moshi wa dada usilifikie. Wapi! Siku ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mama," akaitikia, "Marahaba," kisha akavuta pumzi, akaniuliza, "Kibua?"

Nilitamani ngazi zinimeze. Nikasema, "Ndiyo, mama."

"Mimi sijala hata siku moja," akasema, "lakini nimezaliwa mtaa huu." Akanielekeza kwenye kompyuta ya pembeni kabisa, chini ya dirisha lililo wazi. Sikujua alikuwa ananihurumia mimi au wateja wengine, ila tangu siku ile ikawa kompyuta yangu.

Hapo ndipo nilipojifunzia. Masomo yalikuja kwa baruapepe, nikawa nayasoma polepole midomo ikichezacheza, kwa sababu Kiingereza changu kilikuwa cha barua za ofisini, cha kusema "tafadhali rejea barua yako", na kile cha kompyuta kilikuwa kinaamrisha tu. Nikimaliza mstari nilitakiwa kubonyeza kile kitufe kikubwa cha kulia, na kila mara nilikibonyeza macho nimefumba. Mara ya kwanza mashine iliponiandikia kwamba kuna kosa mstari wa nne, moyo ulinipasuka, nikageuka kutazama mlangoni kama waliosikia wanakuja kunitoa. Hakuna aliyesikia. Bibi wa watu alikuwa na dengu zake.

Kazi tuliyopewa ilikuwa programu inayopokea namba tatu na kuzitoa kwa mpangilio, ndogo ikianza. Usiicheke. Mtu ambaye hajawahi kuiamuru mashine ifikiri hajui inavyotisha kuambiwa kwamba haijui lolote mpaka uiambie wewe, na kwamba ukisahau neno moja itakaa inakusubiri milele. Nilihangaika nayo. Nilipoiweka sawa nikaijaribu na namba za kila aina, zinazolingana, zenye alama ya kutoa, na zote ilizipanga bila kinyongo. Nilifurahi kama mtu aliyefunga goli uwanjani peke yake. Furaha hiyo ilidumu mpaka nilipokumbuka chumba cha mazungumzo.

Siku yenyewe nilifika mapema, nimevaa lile gauni nililotundika kwa jirani, disketi yenye programu iko kwenye mkoba pamoja na ya akiba. Saa ilipofika nikaingia. Yote yalikuwa kwa Kiingereza, lakini nayasimulia kwa Kiswahili. Mwalimu aliandika, "Karibuni wote. Tuna kazi nyingi, tuanze." Kisha, bila kupumua, akaita jina langu. Majina yalipangwa kwa alfabeti, na wazazi wangu ndio walioniponza. "Tuonyeshe kazi yako. Una dakika tano."

Programu yangu ilikuwa imeshafunguliwa pembeni. Kilichobaki ni kuinakili na kuibandika pale wote waione, jambo la kufumba na kufumbua. Lakini nilikuwa sijamsalimia mtu. Mwalimu mzima, mkubwa, tumekutana kwa mara ya kwanza, nianze kumwagia kazi zangu? Nikaandika: "Habari za mchana, mwalimu. Natumaini wewe na familia yako hamjambo." Nikabonyeza, nikasubiri.

Ndivyo nilivyolelewa. Humwagi shida yako kabla salamu yako haijaitikiwa. Ukimwamkia mkubwa akanyamaza, ujue kuna jambo, na jambo hilo linamalizwa kwanza, ndipo mengine yafuate. Nilikaa mikono mapajani kama niko ukumbini kwa watu.

Skrini ikaandika: "Tuonyeshe kazi yako, tafadhali."

Hakuitikia. Nikafikiri pengine salamu yangu imekuwa fupi mno, ya kihuni, ya mtu anayepita njia. Nikaandika ndefu, kwa Kiingereza changu cha barua za ofisini: nina heshima kubwa kukusalimu, mheshimiwa mwalimu, habari za kazi, habari za nyumbani, sisi hapa Dar es Salaam tunaendelea vizuri. Nikasubiri tena. Feni ilikuwa inazunguka juu yangu na bado jasho lilinitoka kwapani.

"Uko hapo? Kazi yako iko wapi?"

Sasa nikawa na hakika kwamba amenikasirikia. Kwa kosa gani sikujua, pengine ni nafasi ya bure, pengine nimesema "familia" na yeye hana. Lakini vidole vya mpiga chapa havijui hofu, viliandika vyenyewe bila kukosea hata herufi: "Niko hapa, mwalimu. Kama kuna nililokukosea, naomba unisamehe, kisha nitaonyesha kazi yangu." Nikayakazia macho yale maneno nikiomba Mungu alainishe roho yake.

"Muda umekwisha," akaandika. "Anayefuata."

Anayefuata alikuwa mtu wa nchi nyingine, simjui. Hakusema habari wala hujambo. Aliibwaga programu yake palepale, puu, kama mtu anayeshusha gunia la mkaa mlangoni. Mwalimu akauliza maswali mawili, akajibiwa, akaandika, "Vizuri, umepita." Akafuata mwingine, naye hivyohivyo. Nikabaki nawatazama wote wakipita mbele yangu bila kusalimiana, na mwalimu hana kinyongo na mtu. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amenikasirikia. Lile "karibuni wote" la mwanzo ndiyo ilikuwa salamu yote, ya watu wote, imekwisha. Nilijisikia mpumbavu, kisha nikajisikia hasira, kisha hofu ikarudi ikakaa mahali pake pa kila siku.

Nyumbani nilimweleza dada, nikidhani atanicheka. Hakunicheka. Aliacha kugeuza samaki, akanitazama kwa masikitiko. "Umemsalimia mara mbili, hakuitikia?"

"Hakuitikia."

"Na bado unataka kurudi?"

"Dada, nisiporudi nafasi inaenda."

"Iende," akasema. "Mtu haitikii salamu, anakufundisha nini huyo?"

Ubaya ni kwamba nusu yangu ilikuwa upande wake. Niliogopa kunyang'anywa kiti, hilo halina mjadala, lakini kulikuwa na hofu nyingine chini yake ambayo sikuweza kumwambia. Niliogopa vidole vyangu. Nilijua kwamba nikikaa tena mbele ya ile skrini, na mwalimu akaniita jina, mkono utakwenda wenyewe kwenye "habari za mchana", na nitasubiri tena, na muda utakwisha tena. Tabia ya mtu haifutwi kwa wino mweupe.

Nikaamua kujizoeza. Asubuhi moja niliingia duka la jirani, ambalo mwenyewe tunafahamiana miaka na miaka, nikasimama mbele ya kaunta, nikasema, "Nipe sabuni." Hivyo tu. Sauti ilitoka ngeni, kama ya askari. Mwenye duka akasimama na mkono hewani. Akanitazama usoni, akatazama nyuma yangu kama kuna mtu amenisindikiza.

"Dada," akasema taratibu, "nimekukosea nini?"

Nilitaka kumweleza, nikashindwa kujua nianzie wapi. Kompyuta? Ng'ambo? Alfabeti? Nikamwomba radhi, nikamsalimia upya, yeye, mkewe, watoto na mguu wake uliokuwa unamsumbua, na sabuni nikaisahau palepale kaunta. Hayo ndiyo mazoezi yangu yalivyokwisha. Siku zilizobaki sikula vizuri. Dada alikuwa anaondoa sahani bado imejaa wala hanigombezi, jambo ambalo kwake ni dalili mbaya.

Wiki ilipotimia nilipanda ngazi za kafe. Nilimwamkia bibi wa dengu, akaitikia, na mara hii hakuuliza samaki gani. Akasema tu, "Umekonda." Nikaenda kwenye kompyuta yangu, nikafungua programu, nikainakili kabisa kabla hata chumba cha mazungumzo hakijafunguliwa, ili kikifunguliwa mkono usipate nafasi ya kushauriana na malezi. Kisha nikakalia mkono wa kushoto. Nakwambia kweli, niliukalia. Umeme ukacheza, taa zikafifia zikarudi, na watu wote mle ndani wakaguna pamoja. Mimi sikuguna, nilikuwa sina pumzi ya kuguna.

Mwalimu akaingia. "Karibuni. Wa nafasi ya pili waanze." Akaita jina langu.

Nikabandika. Programu nzima ikamwagika kwenye skrini, mstari kwa mstari, haina salamu mbele wala nyuma. Niliona aibu iliyonipanda mpaka masikioni. Nilijihisi kama nimeingia chumbani kwa watu wazima bila kuitwa, na sasa nimesimama katikati yao, siwezi kurudi nyuma. Nilisubiri anifukuze.

Akaandika: "Kwa nini umelinganisha namba ya kwanza na ya tatu mara mbili?"

Nilijua kwa nini. Nilikuwa nimeishi na zile namba kuliko nilivyoishi na watu. Nikautoa mkono wangu nilioukalia, una ganzi, nikajibu. Akauliza ikiwa namba mbili zinalingana itakuwaje. Nikajibu. Akauliza tena, na hapo nilijibu kabla hofu haijafika, kwa sababu kwa mara ya kwanza nilikuwa nafikiria swali, sijifikirii mimi. Nilikitazama kile kistari kinachowaka na kuzimika kwenye skrini, nikahisi moyo wangu unakifuata.

"Vizuri," akaandika. "Umepita. Endelea na somo la pili. Anayefuata."

Sikumbuki kuaga. Nakumbuka ngazi, nakumbuka jua, nakumbuka mtu wa mitumba aliyeniambia, "Sista, taratibu, utaua mtu!" Nilikimbia. Mwanamke wa umri wangu, mwajiriwa wa zamani wa shirika la umma, nakimbia Kariakoo mchana kweupe katikati ya mikokoteni, viatu mkononi. Nilikuwa na neno moja kichwani na nilitaka dada awe wa kwanza kulisikia. Nilipita ukumbini, nikatokea uani moja kwa moja, nikasimama mbele ya karai lake, nikafungua mdomo, na pumzi zikanikatalia. Nikawa nahema tu, namtazama.

Dada alinyanyua uso. Rangi ilimtoka.

"Nani?" akasema.

Sikumwelewa.

"Nani?" Mwiko ukamdondoka kwenye mafuta. "Sema, nani?"

Jirani alikuwa ameshatoka chumbani kwake, anajifunga kanga ya pili, anakuja. Mwingine alikuwa ameshika kichwa. Hapo ndipo nilipojiona jinsi walivyoniona. Kwetu kuna mtu mmoja tu anayeingia ndani mbio bila salamu, na huyo huwa amebeba msiba. Dada alikuwa ameshaanza kuwahesabu ndugu zetu wa Lindi, mmoja mmoja, machoni pake niliwaona wakipita.

"Hakuna aliyekufa!" nikapiga kelele. "Dada, wazima wote! Hakuna aliyekufa!"

Alikaa chini kwenye kigoda kama aliyekatwa miguu. Mkono uko kifuani, machozi yanamtiririka na hayafuti. Majirani wakarudi vyumbani mwao wakinung'unika, na walikuwa na haki. Nilipiga magoti mbele yake nikitaka kumwambia lile neno. Akanizuia kwa kiganja.

"Toka," akasema.

"Dada, sikiliza kwanza..."

"Toka nje. Upige hodi, uingie kama mtu."

Nikatoka. Nikapita ukumbini, nikasimama barazani, miguu peku, watu wa mtaani wananitazama. Nilivaa viatu. Nikajifuta uso. Kisha nikaita, "Hodi." Hakujibu. Nikaita tena, "Hodi wenyewe," na ndani palikuwa kimya, nasikia mafuta tu yakichemka. Hofu zote za siku zile zilirudi, ya mashine, ya mwalimu, ya kiti, na hii ilikuwa kubwa kuliko hizo zote. Nilimwogopa dada yangu asije akakataa kuniitikia. Nikaita mara ya tatu, na sauti haikuwa sauti.

"Karibu," akasema mwishowe.

Niliingia taratibu. Alikuwa amejifuta uso na ameketi vizuri. "Shikamoo, dada," nikasema.

"Marahaba. Habari za utokako?"

"Njema," nikasema. "Nimepita."